Nyuki Nyuma ya Bibi

Tarehe 2 Machi

Mvua ya kwanza imeshuka saa nane mchana na kutukatiza katikati ya Sura ya Kumi. Mke wangu alivua miwani, akatazama juu, akasema, "Haya, bati limepata wageni." Bati likianza, kipaza sauti hakisikii kingine. Msimu huu wote itabidi tusome mapengoni, kati ya mvua na mvua.

Nieleze kidogo, maana daftari hili huenda siku moja likaangukia mikononi mwa mjukuu asiyejua mambo yalianzaje. Tangu mke wangu astaafu ualimu, miaka kumi na miwili sasa, husoma vitabu vya darasani kwa sauti katika chumba chetu cha nyuma. Mimi humrekodi kwa kinasa sauti cha utepe wa spuli, kikubwa kama sanduku la nguo, nilichokipata nikiwa bado nafundisha fizikia. Rekodi zinakwenda shule ya watoto wasioona. Wao humwita Bibi. Wanamjua kwa masikio tu.

Mwaka huu ni kitabu cha jiografia cha darasa la sita, sura ishirini. Na tarehe 28 Aprili mke wangu atafanyiwa upasuaji wa tezi ya shingoni. Uvimbe si wa kutisha, daktari anasema, ila umekaa karibu mno na mshipa unaoendesha sauti. "Sauti inaweza kurudi vilevile. Inaweza kurudi imekwaruza. Inaweza isirudi."

"Na jiografia?" akauliza mke wangu.

Daktari hakuelewa. Mimi nilielewa.

Tarehe 5 Machi

Barua kutoka shuleni. Mwalimu wao anaandika kwa adabu kwamba rekodi za karibuni zina mvumo, na watoto wamekubaliana kuwa nyuma ya Bibi kuna nyuki. Mmoja anauliza kama hajamuuma bado. Mwishoni anaongeza jambo lililonichoma: pale Bibi anaposhusha sauti, mwisho wa sentensi, nyuki anamshinda, na watoto wanabaki wakibishana amesema nini.

Mke wangu alicheka mpaka akashika shingo. Kisha akaacha kucheka. "Mzee wangu, huyo nyuki atoke kabla sijaingia hospitali."

Tarehe 6 Machi

Mvumo wa aina hii husababishwa na erthi mbovu, ule waya wa kupeleka umeme ardhini. Nimemweleza mke wangu kwa mchoro. Kesho nitazika fimbo ya shaba bustanini.

Tarehe 7 Machi

Nimeizika. Mvumo uko palepale.

Tarehe 10 Machi

Fimbo ya pili. Mvua. Nimeteleza kwenye tope, goti limevimba.

Tarehe 12 Machi

Wanetu wanapiga simu kuuliza kwa nini tusirekodi kwa simu tu. Tumejaribu. Simu inajifanya ina akili: msomaji akishusha pumzi, yenyewe inadhani kamaliza, inamkata. Maneno yanatoka yamekatwa mikia. Kwa anayeona kitabu, si neno. Kwa anayetegemea sikio, ni sawa na kumchania ukurasa.

Tarehe 16 Machi

Leo amekuja fundi, kwa amri ya mke wangu, si kwa hiari yangu. Ni mwanamke wa miaka hamsini hivi, ana karakana pale kwenye kona, pamoja na mashine ya kusaga nafaka. Kazi yake ni kusuka mota za pampu: zikiungua, anatoa waya wa shaba wa zamani na kusuka mpya. Mtaa unamwita Mama Koili. Nilidhani kumleta mtu wa pampu kutengeneza chombo cha sauti ni kama kumwita mchimba visima akatengeneze saa.

Isitoshe, hasikii. Miaka ishirini kando ya mashine ya kusaga imemmaliza sikio la kulia lote, na la kushoto limebaki na mabaki. Alisalimia toka getini kwa sauti ya kuvusha mto. Nikamwelekeza kwenye mashine huku nikieleza habari ya erthi.

"Mwalimu, geuka nikuone mdomo! Ukiongea na ukuta, mimi nasikia ukuta."

Niligeuka, nikaanza upya. Alinitazama midomo kwa subira, kisha akafungua kifuniko, akaomba mashine iwashwe. Akachomoa bisibisi ndefu mfukoni. Ncha akaiweka juu ya transfoma, mpini akauegemeza kwenye mfupa nyuma ya sikio lake bovu. Akafumba macho.

"Anakoroma huyu."

"Nani?" akauliza mke wangu.

"Transfoma wenu, dada. Kalala na mdomo wazi. Mwalimu, hata uzike fimbo kumi, huyu atakoroma tu."

Akanipa bisibisi. Nikaiweka mfupani kama yeye, na kichwa changu chote kikajaa mvumo.

Sasa, transfoma ni nini? Ni koili mbili za waya zilizosukwa kwenye chuma kimoja. Umeme wa nyumbani unaingia koili ya kwanza, chuma kinageuka sumaku, sumaku inaamsha umeme mwingine, mdogo, katika koili ya pili. Chuma chenyewe ni vibamba vyembamba vilivyobanwa pamoja, na sumaku hiyo huvivuta na kuviachia mara mia kwa sekunde. Gundi ikichoka, vibamba vinatetemeka. Haya niliyafundisha miaka thelathini na moja. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuweka hata kidole juu ya transfoma kuisikiliza.

Tarehe 17 Machi

Nimeng'oa fimbo za shaba. Mke wangu amezichukua kushikizia nyanya.

Tarehe 20 Machi

Fundi amekaza boliti, amemwagia vibamba vanishi na kuvikausha. Kimya. Tumemaliza Sura ya Kumi na ya Kumi na Moja.

Tarehe 25 Machi

Nyuki karudi, safari hii na ukoo wake. Transfoma ina joto la pasi. Fundi ameinusa kama mama anavyonusa maziwa.

"Huyu kazeeka ndani. Sitamdanganya mtu. Nawasukia mpya."

"Umewahi kusuka ya chombo cha sauti?" nikamwuliza, nikimwelekezea midomo vizuri.

"Sijawahi. Lakini hata pampu hazikunijua siku ya kwanza."

Siku thelathini na nne zimebaki. Sura tisa.

Tarehe 29 Machi

Mvua tangu alfajiri. Fundi amekuja kutuonyesha chuma alichokipata: pete nzito, mfano wa ile kata wanayoweka kichwani kutuliza ndoo. Ameitoa kwenye chombo cha kusawazisha umeme kilichoungua. Akasema pete haina pembe, kwa hiyo sumaku inazunguka ndani yake bila kuvujia nje na kuingia kwenye waya wa kipaza sauti. Ni kweli kabisa, na imo vitabuni. Nilimwuliza kaisoma wapi.

"Sijaisoma. Nimeweka redio karibu na pete kama hii ikiwa na umeme, hazikuvuma."

Tarehe 3 Aprili

Nimekaa karakanani asubuhi nzima. Lazima niandike nilichokiona.

Kusuka koili ya kawaida ni rahisi: unazungusha kibao, waya unajifunga. Pete haizungushiki. Kila mzunguko, waya lazima upite kwenye tundu la katikati, uvutwe, ulazwe kando ya mwenzake, urudi tena tunduni. Ameviringisha waya wake kwenye kijiti chenye mkato kila ncha, mithili ya wanaoshona nyavu, na kijiti kinaingia tunduni, kinatoka, kinaingia, kinatoka. Koili ya kwanza peke yake ina mizunguko mia nane na arobaini. Hapunguzi mmoja, hazidishi mmoja. Waya haupandi juu ya mwenzake. Kila akifika mia anafunga uzi mwekundu, anakunja vidole, anaendelea. Kidole gumba chake kina mfereji uliochimbwa na waya wa miaka.

Nilimweleza, kwa dakika kumi au zaidi, uhusiano wa idadi ya mizunguko na volti. Nilieleza vizuri. Nilipomaliza akainua macho, akanikuta namtazama.

"Ulikuwa unasema kitu, mwalimu?"

"Hapana," nikasema. "Endelea."

"Mia tatu na kumi na mbili," akasema, akainama tena.

Tarehe 4 Aprili

Mvua.

Tarehe 5 Aprili

Mvua. Sura tisa.

Tarehe 9 Aprili

Imefungwa leo. Fundi aliweka bisibisi mfupani, akafumba macho, akakaa muda mrefu hata nikaanza kuogopa.

"Haijawaka?" akauliza.

"Imewaka!" tukasema pamoja.

Akatabasamu. Mimi nikavaa visikizio, mke wangu akakaa mbele ya kipaza sauti, na kabla hajafungua kinywa nilisikia vitu ambavyo sijavisikia kwa miaka: kidole chake kikigusa ukurasa, pumzi ikiingia. Niligeuka kumweleza kwa nini mtu hawezi kujua kelele ni kubwa kiasi gani mpaka itoke. Fundi naye alikuwa anasema jambo wakati huohuo, kuhusu kifuniko na boliti ndefu, kwamba ataleta fupi. Nikamwitikia kwa kichwa.

Tarehe 15 Aprili

Mvua imetuachia asubuhi tano. Sura ya Kumi na Mbili hadi ya Kumi na Sita zimekwisha. Mke wangu anasoma kama mtu anayetembea njia anayoijua. Zimebaki nne tu. Naweza kusema wazi kwamba nilikosea kuhusu watu wa pampu.

Tarehe 18 Aprili

Naandika haya kwa aibu, na sitafuta hata mstari mmoja.

Mashine ilikuwa wazi, bila kifuniko, na mimi sipendi vumbi. Asubuhi nilirudisha kifuniko. Boliti inayoshikilia transfoma hupita katikati ya pete na kusimama juu, na kwa bahati, kama nilivyodhani, ncha yake iliangukia sawasawa kwenye tundu la zamani la kifuniko. Nikaona nimepewa zawadi. Nikatia nati juu yake, nikakaza kwa spana ili kifuniko kisicheze. Nikajipongeza.

Mke wangu akaanza Sura ya Kumi na Saba. Hakumaliza aya. Kutoka kwenye mashine ilitoka sauti ambayo si ya nyuki tena, ya ng'ombe. Harufu ya vanishi ikajaa chumba. Nilipochomoa waya, moshi ulikuwa unatoka matundu yote.

"Mzee wangu, umefanya nini?"

"Nimefunga kifuniko."

Akafunga kitabu, akaanza kufungua madirisha. Ningependa angenigombeza.

Nilikwenda karakanani katika mvua, bila mwavuli. Sikuweza kupaza sauti, nikasimama mbele ya fundi nikasogeza midomo tu: imeungua. Aliweka chini pampu ya mtu, akanifuata.

Alitazama kifuniko, akatazama nati yangu. Hakufoka. Alinishika kidole cha shahada, mimi mtu wa miaka sabini na mbili, akakiweka juu ya boliti.

"Nifuate. Boliti inatoka chini, inapita katikati ya pete. Haya, inapanda, inashika kifuniko, nacho ni chuma. Kifuniko kinakwenda ubavuni. Ubavu unashuka. Chini inakutana na boliti tena. Umezunguka chuma changu mara ngapi?"

"Mara moja," nikasema, nikafumba macho.

Kila mwaka nilichora ubaoni. Waya wowote unaozunguka chuma cha transfoma na kujifunga wenyewe ni koili. Ukiwa na mzunguko mmoja tu, volti yake haifiki hata moja, lakini kwa kuwa hakuna cha kuuzuia, umeme unaopita humo ni mafuriko, na koili ya kwanza inalazimika kuyalipia kwa moto. Nilitunga maswali ya mtihani juu ya jambo hili. Na nilikuwa nimesuka koili ya tatu kwa spana, kwenye mashine ya mke wangu, siku kumi kabla ya hospitali.

"Nilikuambia boliti ni ndefu," akasema fundi.

"Uliniambia. Nilikuwa naongea."

Akacheka, kicheko chake kile cha kuvusha mto. "Usijiue, mwalimu. Pete yangu ya kwanza niliichoma hivihivi. Tofauti ni kwamba mimi sikuwa na cheti."

Kisha akageukia mke wangu, akaacha kucheka. "Dada, zimebaki ngapi?"

"Sura nne. Siku kumi."

"Pampu za watu zitasubiri. Maji yanamwagika hata kutoka mbinguni."

Tarehe 20 Aprili

Mke wangu anashinda karakanani. Anashika pete wakati fundi anapitisha waya. Daktari alimshauri apumzishe sauti, na pale mashine ya kusaga haimruhusu mtu kusikika hata akipiga yowe, kwa hiyo anasogeza midomo tu, bila sauti. Fundi anamjibu. Nimepita mchana nikawakuta wanacheka mpaka machozi, katika kelele ile, na mimi mwenye masikio mazima sikuambulia neno.

Tarehe 22 Aprili

Mia sita. Mvua.

Tarehe 23 Aprili

Mvua.

Tarehe 25 Aprili

Imerudi mahali pake. Boliti fupi, washa ya plastiki, ile pete ndogo bapa, juu na chini, na tone la rangi nyekundu kwenye nati. "Hiyo nyekundu ni ya nini?" nikauliza. "Ni ya mwalimu," akasema fundi. "Maana yake: mikono mfukoni."

Mvua haikutoa hata nusu saa.

Tarehe 26 Aprili

Sura ya Kumi na Saba, Kumi na Nane, Kumi na Tisa. Amesoma tangu saa moja asubuhi, akisimama kila bati likianza, akiendelea kuanzia neno lilelile. Jioni sauti yake ilikuwa imechoka kama nguo iliyofuliwa sana. Nilimsihi tuache ya mwisho. Alitikisa kichwa. "Ya mwisho ni ramani."

Tarehe 27 Aprili

Kuna watu wengi wanaoweza kusoma kitabu kwa sauti. Sura ya ramani haisomeki. Maneno yake ni machache, vingine vyote ni michoro, na kwa watoto wale mchoro ni karatasi laini tu. Ndiyo maana mke wangu hakutaka kumwachia mwingine.

Mvua ilikoma saa tatu. Fundi alikuja akakaa mlangoni, bila kuitwa. Mke wangu aliweka kiganja juu ya ukurasa, akaanza:

"Weka mkono wa kulia kwenye ukingo wa meza. Hapo ni pwani. Sasa tembea na vidole viwili kwenda kushoto. Polepole, unapanda. Umefika upana wa kiganja? Simama. Hapo ni baridi, mvua ni nyingi, mto unaanza. Ni mwembamba kama uzi. Ufuate..."

Kitabu hakina hata sentensi moja ya hizo. Aliitembea ramani yote, dakika arobaini, mto mmoja baada ya mwingine, na watoto wataitembea juu ya madawati yao. Nimeishi naye miaka arobaini na sita. Nilijua ni mwalimu mzuri. Sikujua ni mzuri kiasi hiki, kwa sababu mara zote nilikuwa natazama sindano ya mashine inayopima sauti.

Niligeuka kumtazama fundi. Alikuwa amefumbua macho yote mawili, ameyakaza kwenye midomo ya mke wangu, na vidole vyake viwili vinatembea polepole gotini.

"Toa mkono," akamaliza mke wangu. "Umefika."

Niliacha spuli izunguke. Hapakuwa na kitu humo: hakuna nyuki, hakuna ng'ombe. Kisha tone la kwanza likagonga bati.

Tarehe 28 Aprili

Ameingia saa mbili asubuhi. Ametoka saa sita. Amelala.

Tarehe 1 Mei

Anasogeza midomo, hewa inatoka. Hewa tu.

Tarehe 9 Mei

Uvimbe umetoka salama, haukuwa na ubaya wowote. Mshipa wa sauti upande mmoja umelala. Daktari anasema unaweza kuamka katika miezi sita, au usiamke. Mke wangu ameandika kwenye karatasi: *Mwambie daktari hata mimi nilikuwa na wanafunzi wa hivyo.*

Tarehe 16 Mei

Siku ya nne bila mvua. Fundi amekuja kupima kama transfoma inashika joto. Aliwasha mashine, akagusa, akaridhika. Tukiwa hapohapo simu ikalia: mwalimu wa kule shuleni, na darasa zima nyuma yake. Nikaiweka sauti kubwa, mezani.

"Bibi!" sauti ya mtoto. "Nyuki kaenda wapi?"

Mke wangu aliinama kwenye simu, akajibu kwa ile hewa yake. Kule hawakusikia kitu. Hata mimi, niliyekaa naye bega kwa bega, sikusikia. Wakauliza tena. Akajibu tena. Akaisogeza simu karibu zaidi na kinywa.

Ndipo fundi, ambaye hakusikia swali wala jibu, lakini alikuwa anaitazama midomo ile, akasogea na kusema kwa sauti yake ya getini:

"BIBI ANASEMA NYUKI KAPEWA NYUMBA NYINGINE! Anasema mmefika wapi kwenye ramani?"

Vicheko vikalipuka, na watoto wote kwa pamoja wakataja mito. Nikamwandikia fundi maswali yao kwenye karatasi, mke wangu akasogeza midomo, fundi akasema. Darasa lilikwenda hivyo karibu nusu saa. Mwishoni mtoto mmoja akauliza: "Na wewe unayeongea ni nani?"

Niliandika. Fundi alisoma, akamgeukia mke wangu kama mwanafunzi asiyejua jibu. Mke wangu alisogeza midomo, maneno machache. Fundi hakuyasema. Alifuta mikono kwenye gauni lake, ingawa ilikuwa safi.

"Kasema nini?" nikamwuliza baadaye.

"Hayakuhusu, mwalimu."

Walipotoka kwenda kutazama nyanya, nilikwenda kuzima mashine, na sikuweza kukumbuka kama tuliiacha imewaka au la. Sikusikia chochote. Ikabidi nichukue bisibisi, ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio, na nifumbe macho. Ilikuwa imewaka muda wote. Kwa mbali sana, ndani, kama mtu anayepumua vizuri.